Wazi kwa Wote, Isipokuwa Mwanangu

Mama yangu amewafunda mabinti wengi wa Temeke, na mimi simo. Naanzia hapo kwa sababu wivu wangu wote umeota hapo, na sina mpango wa kujifanya mtu mwenye roho nyeupe. Mama ni kungwi. Kwetu, binti akivunja ungo, na tena akikaribia kuolewa, hupewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunda mambo ya mwili, ya ndoa na ya kuishi na watu. Somo anaweza kuwa shangazi, jirani, au shoga wa mama. Hawezi kuwa mama mwenyewe. Mama na binti wana haya baina yao, na haya hiyo haivukwi hata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo nilikulia katika nyumba yenye mafundisho ya wenzangu. Chumba cha uani kilikuwa cha wari, yaani mabinti waliokuwa wakifundwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwapelekea beseni la maji ya kuoga hadi mlangoni. Hadi mlangoni tu. Nilikuwa naliweka chini, nabisha, narudi nyuma, kisha mkono wa mama unatoka na kulivuta beseni ndani. Kutoka humo ilikuja harufu ya liwa na mafuta ya nazi, na kicheko cha mama, kicheko kirefu cha tumboni ambacho sebuleni hatukuwahi kukisikia. Sebuleni mama alikuwa mtu wa kusema umekula, umeswali, umefua. Maneno yake mazuri aliyamaliza uani. Nilisimama nje kwenye kiambaza cha chumba kile nikiwa na sabuni mkononi na kuwachukia wale wasichana mmoja mmoja, hasa wale wenye sauti nzuri.

Zamu yangu ilipofika, mama alinipeleka Kinondoni kwa shoga yake wa tangu ujana. Alinifikisha mlangoni, akanikabidhi, akavuta khanga yake begani na kuondoka bila kugeuka. Somo yangu alikuwa mwanamke mwema sana, Mungu amrehemu. Alinifunda kila kitu kilichostahili kufundwa. Lakini alikuwa na tabia ya kupiga miayo katikati ya maneno, na kila akipiga mwayo mimi nilikuwa nawaza: saa hizi mama yupo uani na mtoto wa watu, anamwambia nini?

Siku hizi nafanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja, kitengo cha hifadhi ya kidijitali. Ni kazi ambayo ukiieleza msibani watu wanaitikia kwa adabu na kuomba chumvi. Watafiti hutuletea matokeo ya kazi zao: tasnifu, picha, takwimu, rekodi za mahojiano. Sisi tunazisafisha, tunaziandikia maelezo, kisha tunazipandisha kwenye tovuti ili mtu yeyote mwenye simu na bando azipate bure. Zamani tasnifu ilifungwa jalada gumu jeusi na kupangwa rafuni, ikasomwa na vumbi. Sasa binti aliyepanga chumba Mabibo anaweza kusoma akiwa kitandani. Nimeipenda kazi hii tangu mwanzo, na naamini kila neno la hotuba zetu za elimu kuwa wazi kwa wote. Niliamini bila shida yoyote, mpaka ilipofika zamu ya mama.

Siku moja nilikuwa Temeke namsaidia mama kuchambua mchele, akaniuliza, "Hizo kaseti mnazoletewa huko kazini, nani anazisikiliza?"

"Si kaseti, mama. Ni mafaili."

"Haya, mafaili. Nani anayasikiliza?"

"Mie."

"Yote?"

"Yote. Hakuna kinachoingia kwenye mtandao bila kupita mikononi mwangu," nilisema kwa kujigamba kidogo, maana mama huwa haniulizi kazi yangu. Akasema haya, akaendelea kutupa chuya.

Wakati huo ndoa yangu ilikuwa imekaa vibaya. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Kigoma, mpole mbele za watu mpaka majirani zetu wa Kawe wananionea gere. Tatizo lake ni kimya. Akikasirika hagombi. Ananyamaza, na kimya chake kinaweza kulala, kuamka, kula na kwenda kazini naye siku baada ya siku. Utajua amekasirika kwa sababu anajipigia pasi shati lake mwenyewe, polepole, akiufuata kila mkunjo. Mimi nimezaliwa na ulimi, na nyumba isiyo na maneno inanikaba. Nilikuwa nasema, naongeza, napandisha sauti, nalia, na yeye anazidi kwenda mbali. Nikafika mahali pa kushusha sanduku kutoka juu ya kabati na kulipangusa vumbi. Sikuweka nguo. Nililiacha wazi chini ya kitanda.

Somo yangu wa Kinondoni alikuwa ameshafariki. Mtu wa kumuuliza nilikuwa sina. Basi nikaenda Temeke, nikakaa jikoni, nikasema, "Mama, nina shida na mume wangu. Akikasirika hasemi, anajipigia pasi tu."

"Nenda kwa somo yako," akasema upesi, kwa mazoea, kisha mkono wake ukasimama juu ya kitunguu. Alikumbuka.

"Somo yangu hayupo, mama."

Akakigeuza kile kitunguu. "Basi muulize shangazi yako."

Shangazi yangu ni dada yake baba, na baba na mama waliachana nikiwa mdogo sana. Mama ndiye aliyeondoka, kwa nini aliondoka sikuwahi kuambiwa, na shangazi sijui hata anakaa wapi. Mama alijua hilo vizuri kuliko mimi. Nikamtazama, akatazama kitunguu. Mwanamke ambaye nusu ya wake wa Temeke wanamletea khanga Idd kwa sababu ya maneno yake, mimi alinipa kitunguu nimalizie kukata. Nilikikata, na machozi yakapata kisingizio.

Baada ya hapo ndipo alipokuja mtafiti. Alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, mtu wa Mbeya, mwenye rasta nyembamba na flashi iliyofungwa kwenye kamba ya kiatu. Alikuwa amefanya utafiti kuhusu makungwi wa Dar es Salaam na alikuja kukabidhi rekodi zake. Alikaa mbele ya meza yangu akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza.

"Dada, kuna bibi mmoja wa Temeke, huyo usipime," akaniambia. "Alinikatalia weee. Alinifukuza kabisa. Nikarudi, akanifukuza tena. Halafu siku ile namuaga nikamwambia tu, bibi, hata hivyo rekodi zingehifadhiwa pazuri, nikamtajia chuo hiki chenu. Akaniambia kaa. Dada, aliongea! Mpaka tukapumzika, tukala, tukaendelea. Ananiitaga mwanangu."

Nikamuuliza nyumba ilikuwa wapi. Akanielekeza: unapita duka la mkaa, geti la bluu, uani kuna chumba kimoja cha peke yake. Chumba cha uani! Nimepeleka maji pale utoto wangu wote nikaishia mlangoni, na huyu alikuwa ameingia na viatu vyake mkononi akaketishwa mkekani. Nilimshukuru kwa niaba ya chuo. Sikumwambia kwamba bibi yule ndiye aliyenizaa. Niliona akijua atafurahi, na furaha yake ilikuwa imeshanitosha.

Utaratibu wetu wa rekodi ni rahisi. Faili likiingia, mmoja wetu anasikiliza mwanzo, katikati na mwisho, kuhakikisha sauti haikwaruzi na kwamba mhojiwa ametoa ridhaa. Wengi wa wahojiwa wetu hawapendi kutia saini, kwa hiyo ridhaa hutolewa kwa mdomo, mwanzoni mwa rekodi. Nilivaa hedifoni nikabonyeza.

Kwanza kuku wa jirani. Kisha mama akakohoa, kile kikohozi chake cha kuandaa maneno. Mtafiti akauliza, kwa sauti tamu iliyoniudhi, "Bibi, unakubali watu wote wasikilize mazungumzo yetu?"

"Wote wasikilize," mama akasema. "Wa Temeke, wa Kinondoni, wa Ulaya huko. Waliozaa na wasiozaa. Isipokuwa mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Yeye asisikilize, si adabu."

Nikavua hedifoni nikaziweka mezani. Haikuwa huzuni. Nilikuwa na hasira ya mtoto aliyefungiwa nje ya sherehe ya nyumbani kwao. Dunia nzima! Mtu wa Ulaya asiyejua Temeke iko upande gani wa bahari aliruhusiwa kumsikia mama yangu akicheka, na mimi nilirudishwa kwenye kiambaza na beseni langu.

Nikafungua ukurasa wa kupandishia rekodi. Mfumo wetu una ngazi tatu za ruhusa. Ya kwanza ni wazi kwa wote. Ya pili ni kwa wanachuo tu. Ya tatu ni imefungwa. Hakuna ngazi ya wote isipokuwa mmoja. Waliotengeneza ule mfumo hawakuwahi kufikiri kwamba kungwi wa Temeke angeweza kuufungulia ulimwengu mlango na kumwekea komeo mtu mmoja, tena huyo huyo mwenye funguo.

Nilichagua imefungwa. Kama mimi sisikii, basi asisikie mtu. Nikaandika maelezo mazuri ya kitaalamu kuhusu heshima ya mila na unyeti wa maudhui, nikampelekea mkuu wa kitengo. Kila neno lilikuwa sahihi na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

Mkuu wetu ni mzee mtaratibu, anayevaa sweta hata wakati wa joto kwa sababu ya kiyoyozi. Alisikiliza mwanzo wa rekodi mwenyewe. "Lakini bibi ameruhusu," akasema. "Tena kwa kunyoosha maneno kabisa. Sisi ni nani tumzibe mdomo?"

"Ameweka sharti, mkuu."

"Sharti linamhusu binti yake tu. Hilo ni la yeye na binti yake." Akakunja mikono ndani ya sweta. "Wazi ni wazi. Binti akijua mama yake hataki, atajizuia mwenyewe. Wewe ungejizuia, si ndiyo?"

"Ningejizuia," nikasema.

Kwa kuwa sikuweza kuikagua mwenyewe, nilimpa rekodi mwenzangu wa meza ya pili, mama wa Kichaga, mlokole, mtu asiyejua chochote kuhusu mambo ya makungwi na ambaye nilitegemea angeikagua harakaharaka na kuirudisha. Alisikiliza mwanzo. Alitakiwa kuruka kwenda katikati, hakuruka. Nilikuwa namwangalia juu ya kompyuta yangu. Kwanza alitabasamu. Kisha akafunika mdomo na mabega yakaanza kucheza. Akacheka mpaka akashika meza. Muda wa chakula ukapita, hakunyanyuka. Halafu uso wake ukatulia, akakaa vile vile, akatoa kitambaa kwenye pochi na kujipangusa macho. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Sauti ya mama yangu ilikuwa inapita kwenye waya mweusi na kuingia kwenye masikio ya mtu mwingine, na mimi nilikuwa nasikia feni.

Alipovua hedifoni alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kwa huruma hivi. "Dada," akasema, "huyu mama..."

"Usiniambie."

"Si ukae usikilize tu kidogo? Kuna mahali..."

"Nimesema usiniambie! Sauti ni safi au si safi?"

"Ni safi," akasema, akajiinamia.

Jioni ile nilibadilisha imefungwa nikaweka wazi kwa wote, nikabonyeza kuthibitisha, na mama yangu akawa mali ya watu.

Chini ya kila rekodi kwenye tovuti yetu kuna alama inayoonyesha imesikilizwa mara ngapi na kutoka nchi gani. Kwa kawaida hakuna anayeiangalia isipokuwa wakati wa kuandika ripoti ya mfadhili. Mimi niliiangalia asubuhi kabla ya chai na mchana baada ya chai. Mwanzoni wasikilizaji walikuwa wachache, nikafurahi. Kisha idadi ikapanda. Oman walisikiliza. Ujerumani walisikiliza. Kenya walisikiliza sana, nikawachukia bila sababu nyingine. Msikilizaji mmoja wa nchi ya mbali, sijui ni mwanamke au mwanaume, alikuwa anairudia kila siku. Huyo nilimwota. Nyumbani mume wangu alikuwa anapiga pasi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi na simu, naangalia ile namba ikiongezeka. Tulikuwa wawili tunaonyamaza sasa, kila mmoja na lake, na sanduku chini ya kitanda lilikuwa limepata blauzi mbili na gauni moja.

Mtu angesema kwa nini nisisikilize kwa siri. Nimejiuliza pia. Jibu ni kwamba sikutaka kuiba. Nilitaka kupewa. Wale wari wote walipewa, wakakaa mkekani na miguu imenyooshwa, wakapewa mkononi. Mimi ningesikiliza kwa kujificha, ningekuwa nimethibitisha kwamba changu hakikuwepo.

Wifi yangu ndiye aliyeharibu kila kitu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anauza dagaa wa Kigoma na mawese katika soko la Tandale. Nilikwenda kwake siku moja kuchukua mawese, nikamkuta yeye na wanawake wenzake watatu wamezunguka ungo wa dagaa, wanachambua. Katikati ya ungo, juu ya dagaa, ilikuwepo simu. Na ndani ya simu alikuwemo mama yangu, anacheka kile kicheko cha uani.

"Zima!" nikasema. Hata salamu sikutoa.

Wakashtuka. Wifi akazima. "He, wifi, kulikoni? Si mama huyo? Wenzangu hapa hawaamini kwamba ni mama mkwe wa kaka yangu. Imetumwa kwenye kikundi chetu cha kina mama, soko zima wanaye."

"Shikamoo wifi," nikasema, nikijikusanya. "Sipendi kumsikia sokoni."

"Marahaba. Mie ningekuwa na mama wa hivi ningemweka spika kubwa pale juu ya bati." Akafuta mikono kwenye khanga. "Halafu huyo mwari wake wa mwisho, jamani! Ananimaliza. Kila kitu anamwambia yeye. Mwari wangu wa mwisho, sikiliza. Mwari wangu wa mwisho, nilichelewa kukwambia. Utafikiri yupo naye pale pale. Na mume wa huyo mwari sasa, nilicheka, ni kama kaka yangu vile..."

Sikusikia zaidi. Mwari wangu wa mwisho! Nilimjua. Alikuwa msichana wa Mtoni mwenye vishimo mashavuni, aliyefundwa na mama kabla mama hajaacha kuchukua wari nyumbani. Kila Idd analeta khanga mbili, moja kutoka kwake na moja kutoka kwa mumewe, na mama huzifunua mbele yangu na kuzinusa. Kumbe na kwenye rekodi ameingia. Dunia nzima inamjua. Nilichukua mawese yangu, nikayasahau kwa mtu wa bodaboda, nikaenda Temeke moja kwa moja, kazi ya siku ile nikaitupa.

Mama alikuwa sebuleni, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, anashona upindo wa foronya.

"Shikamoo. Mama, mwari wako wa mwisho ni nani?"

Aliweka sindano kwenye foronya. "Marahaba. Umesikiliza?"

"Sijasikiliza. Ulisema nisisikilize. Nimeshika ulichosema. Watu wa Tandale wanakusikiliza juu ya dagaa, Wakenya wanakusikiliza, mwenzangu wa kazini kalia machozi mbele yangu, mie nimeshika ulichosema. Nataka jina tu. Huyo mwari unayemwambia kila kitu ni yule wa Mtoni?"

Mama alinitazama kama anatafuta mahali pa kuanzia. "Wa Mtoni ana mume mlevi na mropokaji," akasema. "Mimi huyo nilimwambia nini cha mume mnyamavu?"

Nikabaki nimesimama.

"Katika wari wangu wote, mwenye mume wa bara anayejipigia pasi akikasirika ni nani? Niambie wewe, uliyesoma."

Nilikaa sakafuni, pale pale kwenye simenti, kama mwari. Wivu wote ule, miezi yote ile, msichana niliyekuwa namchukia kuliko wote alikuwa mimi.

"Lakini ulisema mwanangu asisikilize," nikasema. "Kwa mdomo wako."

"Nilisema. Ulitaka nisemeje? Mbele ya mtoto wa watu, na kile kidude chake kinanasa mpaka kuku? Niseme namfunda mwanangu mwenyewe, Temeke nzima inicheke?" Akaichukua foronya, akaikunja, akaikunjua. "Somo yako alipofariki, ulikuja ukakaa jikoni pale. Nikakwambia nenda kwa shangazi yako. Ulipotoka sikuweza kula. Mie nawaambia watoto wa watu, wangu anakosa. Baba yako alikuwa mnyamavu. Niliona ananidharau, nikafunga vitu vyangu. Kumbe alikuwa anauogopa mdomo wake mwenyewe tu. Nimekuja kulijua hilo uzeeni, na hakuna wa kumwambia. Yule mtoto wa Mbeya nilimfukuza. Akaja akataja chuo chenu. Nikakumbuka ulivyojitapa, hakuna kinachopita bila kushikwa na mikono yako. Nikasema, basi, huyu ndiye njia. Nikaongea mpaka koo likakauka. Nilikuwa najua wewe ndiye utakuwa wa kwanza kusikia."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe nawe umengoja mpaka Tandale wote wamalize."

Nilitazama mikono yangu hiyo inayopitiwa na kila kitu. Walionitangulia nilikuwa nawajua wote: mtafiti na rasta zake, mlokole wa meza ya pili, wauza dagaa, mtu wa nchi ya mbali anayerudia kila siku. Kila mmoja alikuwa amesikia mama yangu akiniita mwari wake kabla sijasikia mimi. Wivu haukutoka hapo. Nafikiri ulizidi.

Mama alisimama. Alikwenda uani akafungua kile chumba, akarudi, akanionyesha kwa kidevu niingie. Nikauvuka mlango ule kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mkeka uliosimamishwa ukutani, mtungi, na dirisha dogo. Akautandika mkeka mwenyewe. Nilitoa simu na hedifoni mfukoni, na nilipokuwa natafuta ukurasa nikaona bado amesimama.

"Kaa basi, mama."

"Si adabu," akasema. "Ngoja mie nitoke. Usiweke sauti kubwa."

Akatoka, akauvuta mlango. Nikamsikia anajongeza kiti chake cha plastiki, akakiweka nje karibu na kiambaza, pale pale nilipokuwa nasimama na sabuni, akakaa. Nikanyoosha miguu. Kuku wa jirani akalia, mama akakohoa, mtafiti akauliza swali lake, na mama akasema wote wasikilize isipokuwa mwanangu. Safari hii sikuvua hedifoni.